"Bora Uzima" Si Mbinu ya Mpira



Leo tuna ugomvi na watu wa aina moja: makocha ambao lengo lao la mwaka mzima ni kutoshuka daraja. Kombe hawalitaki, nafasi ya kucheza Ulaya hawaitaki, hata kwenda kumfunga mkubwa mmoja nyumbani kwake hawana hamu nako. Wao ni kutoshuka tu. Ukimuuliza kocha wa namna hiyo mwezi wa 8 anataka nini, atakwambia pointi 40. Mwezi wa 12, pointi 40. Siku akizipata anavuta pumzi, na kwake msimu umeisha, hata kama kalenda inaonyesha mechi 12 bado.

Sisi tunasema huyo kocha anaiba. Anaiba miaka ya wachezaji, na mguu wa mchezaji una miaka kama 10 au 12 tu ya kazi. Anaiba Jumamosi za mashabiki. Na anaiba kwa heshima, maana bodi inampongeza na magazeti yanamwita "mzoefu".

Tunajua bandani kuna watu watasema: "Nyinyi nanyi, mnahangaika na timu za namba 10 mpaka 15? Hizo hatuziangalii hata." Ndiyo, wengi wetu hapa ni Arsenal, Manchester United, Chelsea, Liverpool. Shilingi 1,000 ya kuingia bandani hakuna anayeitoa ili aone West Brom na Stoke. Lakini ugonjwa wa zile timu za katikati ndio ugonjwa unaotutafuna sisi, kwa hiyo mtuvumilie.

Kwanza tuweke jambo moja sawa. Hatumsemi anayezama. Timu ikiwa ya mwisho, wachezaji nusu ni majeruhi, pesa hakuna, kocha akapaki basi akatafuta sare ya 0-0, huyo tunampigia makofi. Leicester City Krismasi ya 2014 ilikuwa ya mwisho kabisa katika Ligi Kuu ya Uingereza. Baadaye ikashinda mechi 7 kati ya 9 za mwisho, ikabaki. Watu wake walisherehekea kama wamebeba kombe, na walikuwa na haki. Kuokoka ni kitu kikubwa. Sisi tuliovuka mpaka usiku na godoro kichwani hatuhitaji mtu wa kutufundisha thamani ya kuokoka.

Lakini hakuna mtu anayevuka mto ili akajenge ukingoni. Ukishavuka, unatembea. Tunayemsema leo ni yule aliyekwisha kuvuka, nguo zimekauka, miguu mizima, halafu anakaa palepale akiangalia maji na kusema: "Bora uzima."

Sasa tulete hesabu.

Msimu wa 2016/17 West Bromwich Albion ilikuwa chini ya Tony Pulis. Tusimdharau Pulis. Ndiye aliyeipandisha Stoke City mwaka 2008, na mwaka 2011 akaifikisha fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 1-0 na Manchester City. Kazi anaijua. Tarehe 25 Februari 2017 West Brom yake ilimfunga Bournemouth 2-1 na kufikisha pointi 40. Mechi 26 zilikuwa zimechezwa, timu ikiwa namba 8. Mechi 12 zilibaki, maana yake pointi 36 zilikuwa bado mezani. Walichukua ngapi? 5. Walishinda mechi moja, wakatoa sare 2, wakafungwa 9. Wakamaliza namba 10 na pointi 45.

Hatusemi Pulis aliwaambia vijana wake wakalale. Hata Arsenal waliichapa 3-1 ndani ya kipindi hicho. Tunasema lengo lilikuwa limeisha. Mchezaji anaamka asubuhi, anakwenda mazoezini, na hakuna kitu mbele yake cha kukifuata. Ukimwambia mtu miezi sita kwamba kazi yake ni kufika pale kwenye mti, akishafika kwenye mti anakaa kivulini. Wewe ndiye uliyemwonyesha mti.

Na mnajua kilichofuata? Novemba 2017 Pulis alifukuzwa. Mwezi wa 5 mwaka 2018 West Brom ilishuka daraja ikiwa ya mwisho, pointi 31. Kwa hiyo hata kile kitu kimoja walichokuwa wanakilinda, wakakikosa. Stoke nayo ikashuka msimu huohuo, baada ya misimu 10 ya Ligi Kuu.

Mfano wa pili. Desemba 2009 Wolverhampton Wanderers ya Mick McCarthy ilikwenda London ikaifunga Tottenham 1-0. Ushindi mkubwa kabisa kwa timu iliyotoka kupanda daraja. Siku 3 baadaye wanakwenda Old Trafford. McCarthy akawatoa wachezaji wote 10 wa ndani waliocheza London, akamwacha kipa peke yake, akaweka akiba. Wakafungwa 3-0. Alishaihesabu ile mechi kama imepotea kabla hata basi halijawashwa. Aliwatunza watu wake kwa ajili ya Burnley nyumbani, na kweli Burnley akafungwa 2-0. Wenye ligi wakaipa klabu adhabu ya pauni 25,000 iliyosimamishwa. Mwisho wa msimu Wolves ikabaki, namba 15.

Wapo watakaosema: "Si mnaona? Mbinu ilifanya kazi." Haya. Lakini wale mashabiki waliosafiri mpaka Manchester usiku wa baridi katikati ya wiki, wamelipa tiketi zao, walikwenda kuangalia nini? Na wale 10 wa akiba waliingia uwanjani wakijua kwamba kocha wao mwenyewe amewapeleka wakafungwe. Kijana gani anakua kwa namna hiyo? Mwaka 2012 Wolves ilishuka, na 2013 ikashuka tena mpaka daraja la tatu. Hatusemi ilishuka kwa sababu ya usiku ule mmoja. Tunasema ule ujanja wa kujificha haukujenga kitu cha kuwashika siku upepo ulipobadilika.

Tuwe waadilifu lakini. Kwa nini makocha wanafanya hivi? Siyo kwamba wote ni waoga wa kuzaliwa. Kushuka daraja Uingereza ni kupoteza pesa za televisheni ambazo ndizo mishahara ya watu. Wafanyakazi wa ofisini na wapishi wanaachishwa. Kocha akishuka, jina lake linachafuka. Akimaliza namba 13 mara nne, anaitwa mtu wa kuaminika na anapata kazi nyingine. Mshahara wake unamwambia aogope. Hilo tunalielewa. Lakini hata kwa upande wa pesa hesabu yao haijakamilika, maana miaka ile ya West Brom kila nafasi moja uliyopanda kwenye msimamo ilikuwa na thamani ya karibu pauni milioni 2. Ukitoka namba 8 ukaanguka mpaka namba 10, umeacha pesa barabarani.

Sasa hoja yao kubwa, na tusiikimbie. Wanasemaga: "Angalieni Charlton." Charlton Athletic ilikuwa na kocha Alan Curbishley kwa miaka 15, tangu 1991. Aliipandisha, akaiweka Ligi Kuu kuanzia 2000: namba 9, 14, 12, 7, 11, 13. Timu ndogo ya London, inaishi vizuri. Mwaka 2006 akaondoka, na watu wakasema sasa ni wakati wa kwenda juu zaidi. Msimu uliofuata Charlton ikashuka, na mwaka 2009 ikashuka tena mpaka daraja la tatu. Kila mara shabiki wa timu ya katikati akilalamika, anatishiwa na Charlton, kama mtoto anavyotishiwa na fisi.

Jibu letu ni hili. Charlton msimu ule walitumia makocha watatu: Iain Dowie, Les Reed, Alan Pardew. Makocha watatu ndani ya msimu mmoja! Hiyo wanaiitaje tamaa ya maendeleo? Hiyo ni kupaparika. Kutaka zaidi ni kazi yenye mpango, na anayebadilisha dereva mara tatu mlimani asishangae gari likirudi nyuma. Somo la Charlton linasema "panga kabla hujapanda". Hakuna mahali linaposema "usitake". Halafu angalieni: msimu ambao Charlton ilifika namba 7, 2003/04, kocha alikuwa nani? Curbishley huyohuyo. Kwa hiyo naye alijua kupanda, hakuwa mtu wa kukaa kivulini. Wanamtumia mtu asiye wao.

Tuje kwa Leicester sasa, maana hapa ndipo hoja yetu inasimama. Msimu wa 2015/16 alikuja Claudio Ranieri. Na yeye alianza kwa kusema pointi 40! Sawasawa na wengine. Timu ilikuwa imeponea msimu uliopita, wacheza kamari waliipa ubingwa kwa 5,000 kwa 1. Lengo la 40 lilikuwa la akili kabisa. Pointi 40 zikapatikana mwanzoni mwa Januari 2016, mechi 20 tu zimechezwa. Hapo ndipo mnapomjua kocha. Ranieri alihamisha mti. Mechi 18 zilizobaki Leicester ilichukua pointi 41, ikafika 81, ikawa bingwa wa Uingereza.

Wekeni hizo namba mbili pembeni kwa pembeni. Baada ya 40, West Brom ilichukua 5. Baada ya 40, Leicester ilichukua 41. Hatulinganishi wachezaji, Leicester walikuwa na Vardy, Mahrez na Kanté. Tunalinganisha swali moja tu: ukishapona, unafanya nini kesho yake?

Na msidhani tunadai kila mtu awe bingwa. Huo ndio uongo mwingine wanaotupiga nao: "Mnataka West Brom ichukue ligi?" Hapana, bana. West Ham ya David Moyes mwaka 2023 ilimaliza ligi namba 14. Namba 14! Lakini mwezi wa 6 walikuwa Prague, dakika ya 90 Jarrod Bowen anakimbia peke yake, Fiorentina anafungwa 2-1, na klabu inapata kombe lake la kwanza kubwa tangu 1980. Crystal Palace ya Oliver Glasner mwaka 2025 ilimaliza namba 12, katikati kabisa, lakini tarehe 17 Mei ilikuwa Wembley inaifunga Manchester City 1-0 kwa goli la Eze. Kombe kubwa la kwanza katika historia yote ya klabu. Wigan mwaka 2013 ilibeba Kombe la FA mbele ya City hiyohiyo, halafu siku chache baadaye ikashuka daraja. Muulize mtu wa Wigan kama angekubali kurudisha lile kombe ili abaki namba 17.

Kwa hiyo namba kwenye msimamo haina kosa. Mtu anaweza kuwa namba 12 na ana kitu anachokitaka, na mwingine yuko namba 8 hana kitu. Wale makocha tunaowasema wakipangiwa mechi ya kombe wanaweka watoto na majeruhi wanaorudi, eti "tunaelekeza nguvu kwenye ligi". Nguvu za kwenda wapi kwenye ligi? Namba 11?

Wenzetu wa Kongo mnajua habari ya Mazembe, lakini tuirudie kwa ajili ya wadogo. Mwaka 2009 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikwenda Kombe la Dunia la Klabu ikafungwa mechi zote mbili. Mtu wa "bora uzima" angesema: tumeshiriki, tumepiga picha, turudi nyumbani. Mwaka 2010 wakarudi. Wakaifunga Pachuca ya Mexico 1-0. Wakaifunga Internacional ya Brazil 2-0. Klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali, na mnakumbuka kipa Kidiaba akiruka kwa makalio uwanja mzima. Inter Milan akawafunga 3-0 kwenye fainali, sawa. Lakini tangu siku ile hakuna klabu ya Afrika inayoweza kusema fainali ni ya watu wengine.

Sasa tufike nyumbani, yaani hapa kambini.

Yalikuwepo mashindano ya vijana, timu 10. Jina la zoni hatutaji, la mtu hatutaji. Sheria: timu 2 za mwisho hazipati jezi na mipira mwaka unaofuata, timu 4 za juu zinaingia nusu fainali. Zikibaki mechi 3, timu moja ilikuwa namba 6, pointi 2 tu nyuma ya namba 4, na haiwezi tena kuangukia mkiani. Kocha akamtoa winga wa miaka 16, mtoto mwenye mbio ambaye mabeki wa kambi nzima walikuwa wanamwogopa, akaongeza beki wa tano. Tulipomuuliza akasema: "Jezi tumeshapata. Mnataka nini tena?" Sare, sare, sare. Namba 6. Yule winga hakurudi mazoezini. Siku hizi ukimtafuta, utamkuta anafyatua matofali.

Hatusemi angekuwa nyota. Hakuna anayejua hilo, na ndiyo maana inauma. Awer Mabil alizaliwa Kakuma mwaka 1995, mtoto wa wakimbizi wa Sudan Kusini, akijifunzia mpira wa kufungafunga mifuko. Juni 2022 alikuwa amevaa jezi ya Australia, anapiga penalti dhidi ya Peru, na Australia ikaenda Kombe la Dunia Qatar. Kama angekutana na kocha wa "jezi tumeshapata", angeishia wapi?

Sasa nyinyi wa mashirika, sogeeni karibu. Ripoti ya mashindano yale iliandikwa vizuri sana: timu 10 zimeshiriki, vijana zaidi ya 200 wamefikiwa, picha za watoto wanacheka. Kila neno ni kweli. Lakini hakukuwa na mstari hata mmoja unaouliza: baada ya hapo, nani amekwenda wapi? Hiyo ndiyo pointi 40 yenu. Sisi wa kujitolea ndio tunaojaza zile orodha za mahudhurio, tunajua. Soda moja, mandazi mawili, sahihi hapa, asante. Tuna wenzetu wenye vyeti 5 vya mafunzo ya wiki 2 wiki 2: sabuni, ushonaji, sabuni tena. Hakuna aliyezama. Na hakuna aliyetoka majini.

Tunajua mtajibu kwamba bajeti imekatwa. Tunajua, chakula kinapimwa mbele yetu. Hatuombi pesa ambayo haipo. Timu yenye pesa kidogo ndiyo inayotakiwa kuchagua lengo lake kwa makini zaidi, maana haiwezi kulenga kila kitu. Badala ya kuwafikia 200 kwa wiki 2, wachukueni 20 kwa mwaka mzima mpaka mlango mmoja ufunguke. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kunaumiza mgongo. Lakini kusimama pembeni ya kitanda na kuandika ripoti ya kitanda hakutoi kitu mvunguni.

Kwa makocha wa zoni zote tunaomba jambo dogo. Msimu ujao, kabla ya mechi ya kwanza, waambieni vijana malengo mawili: la kuokoka, na la baada ya kuokoka. La pili likiwa ni nusu fainali, sawa. Likiwa ni kumfunga bingwa mara moja, sawa. Likiwa ni kumpeleka mchezaji mmoja akajaribiwe na timu ya mjini, hilo tutalipigia ngoma. Lakini liwepo, na lisemwe kwa sauti ili mtuulize na tuwaulize.

Na kwetu sisi vijana: tusiwaachie makocha peke yao lawama. Kila mtu hapa ana mti wake anaokaa kivulini. Kuna aliyemaliza fomu ya nne akasema inatosha kwa mkimbizi. Kuna anayepata motisha ya mwezi na ameacha kuomba masomo. Tumeponea mbali, ndugu zetu, na wengine hawakupona. Wale hawakubaki nyuma ili sisi tumalize namba 10.

Msimu wa mashindano unaanza tena. Yule winga bado ana miaka 17. Kuna kocha atakayemfuata kwenye matofali, au tumeshapata jezi?